Taylor alikufa au hakufa? Jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Msomaji wetu wa Ngamiani, Tanga, anauliza: "Nyumbani kwetu, baada ya sala ya Isha, bibi, mama mkubwa na shangazi hukaa ukumbini wakazikumbuka tamthilia za zamani, na mazungumzo huishia kwenye ubishi. Mama mkubwa anasema Taylor wa The Bold and the Beautiful, ile tamthilia ya Marekani, alikufa. Shangazi anaapa kwamba hakufa. Bibi anasema Ridge ni mtoto wa Eric, shangazi anakataa. Wanabishana hata juu ya sura ya Thorne, na juu ya namna Sunset Beach ilivyoisha. Ajabu ni kwamba wakifika kwa waigizaji wetu wa Kiswahili hawabishani kabisa, ingawa hakuna anayejua jina halisi la mwigizaji hata mmoja, labda la Mzee Majuto kwa kuwa alikuwa mtu wa hapa Tanga. Je, ni nani mwenye kumbukumbu sahihi, na kwa nini ubishi uko upande mmoja tu?"

Dada yangu, wape salamu zangu bibi, mama mkubwa na shangazi, na uwaambie kabla ya yote kwamba hakuna kati yao aliyepotewa na kumbukumbu. Nafundisha uigizaji hapa Bagamoyo, na ubishi wa namna hii nausikia kwa wanafunzi wangu na kwa mama zao. Karibu kila ninapouchunguza nakuta kwamba wabishi wameona vipande tofauti vya hadithi moja. Tamthilia zile zilitengenezwa kwa namna inayomruhusu mtu kufa na kurudi, kisha zikatufikia kwa namna iliyoiwezesha nyumba moja kuona kifo na nyumba ya jirani kuona kurudi. Sehemu ya mwisho ya swali lako ndiyo iliyonivutia zaidi, na nitaifikia, lakini haiwezi kujibiwa vizuri kabla hatujamaliza kesi ya Taylor.

Taylor Hayes aliingia katika The Bold and the Beautiful mwaka 1990, akiigizwa na Hunter Tylo, akiwa daktari wa magonjwa ya akili, na baadaye akaolewa na Ridge Forrester. Mwaka 1994 ilianguka ndege aliyodhaniwa kuwa ameipanda, Ridge akabaki mgane, na matanga yalipokwisha akamrudia Brooke Logan na kumwoa. Mtu aliyeacha kutazama hapo ana haki kamili ya kusema kwamba Taylor ni marehemu. Kumbe mwanamke alikuwa hai huko Morocco, katika jumba la mwana wa mfalme aitwaye Omar, aliyemwokoa na kumpa jina la Laila, na mwaka 1995 alirudi Los Angeles akamkuta mumewe ni mume wa mwingine. Mwaka 2002 alikufa tena, kwa risasi ya Sheila Carter, na safari hiyo ilionekana kana kwamba mlango umefungwa kabisa. Mwaka 2005 akarudi tena, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba Omar yule yule aligundua kwamba bado anapumua, akamchukua na kuweka sanamu ya nta mahali pa mwili wake. Kwa hiyo mama mkubwa anasema kweli, na shangazi pia anasema kweli, na kama yupo wa tatu atakayedai kwamba alikufa mara mbili, huyo ndiye aliyetazama kwa muda mrefu kuliko wote.

Kwa maoni yangu kurudi kwa kwanza kulikuwa kazi nzuri ya sanaa, na kule kwa pili kulikuwa uvivu. Mwaka 1995 watazamaji walijua jambo ambalo Ridge na Brooke hawakulijua, na kila walipowaona wawili hao wanacheka walikuwa wanasubiri kicheko kikatike. Huo ni ufundi wa kale, na unafanya kazi katika lugha yoyote. Sanamu ya nta haikuandaliwa na chochote. Iliingizwa kwa sababu mwigizaji alikuwa amekubali kurudi kazini, basi ikabidi marehemu apatiwe njia ya kutoka kaburini.

Hapo tumefika kwenye shina la jambo lenyewe. Tamthilia ya namna hiyo ya Marekani hurushwa siku tano kwa juma, mwaka hadi mwaka, bila mwisho uliopangwa. The Bold and the Beautiful ilianza tarehe 23 Machi 1987 na mpaka leo inaendelea. Kazi inayokwenda kwa mwendo huo haiwezi kumtegemea mtu mmoja. Mikataba huisha, waigizaji hupata kazi kwingine, hujifungua, huugua, hugombana na waajiri wao kuhusu malipo, na waandishi hulazimika kugeuza mambo hayo yote yawe hadithi. Hunter Tylo mwenyewe alipata kuajiriwa kwa ajili ya tamthilia nyingine, Melrose Place, kisha akaondolewa kabla ya kuanza kwa sababu alikuwa mjamzito. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1997 baraza la wazee wa mahakama la Los Angeles likaamua alipwe zaidi ya dola milioni 4. (Kampuni aliyoishinda ilikuwa ya Aaron Spelling, ambaye mwaka huo huo alikuwa ameanzisha Sunset Beach, ile ile inayowagombanisha nyumbani kwenu.)

Mtazamaji anayetaka kujua kama kifo ni cha kweli basi asiangalie jeneza, aangalie mkataba. Susan Flannery, aliyemwigiza Stephanie, mama yake Ridge, tangu siku ya kwanza, aliamua kustaafu mwaka 2012, na kwa kuwa waandishi walijua kwamba harudi, walimpa Stephanie maradhi ya saratani na kifo cha taratibu, akakata roho mikononi mwa Brooke, mwanamke aliyepigana naye kwa miaka 25. Kwa Darlene Conley, yule Sally Spectra wa nywele nyekundu na sauti ya kunguruma, ilikuwa kinyume: mwigizaji alifariki dunia Januari 2007, lakini mhusika hakuuawa, akaachwa hai mahali fulani mbali na kamera. Naye Sheila Carter alihamishwa mzima mzima kutoka tamthilia nyingine ya waanzilishi wale wale, William Bell na mkewe Lee Phillip Bell, mwaka 1992, akaja na maovu yake yote ya huko alikotoka. Huko mhusika ni mali ya kampuni, na mwigizaji ni mtu anayemvaa kwa muda.

Ndiyo maana Thorne, mdogo wake Ridge, amewashinda kina mama wote. Kati ya mwaka 1987 na 1996 alivaliwa na watu watatu: Clayton Norcross, kisha Jeff Trachta, kisha Winsor Harmon. Anayemkumbuka Thorne mwimbaji anamkumbuka Trachta, aliyekuwa na sauti nzuri kweli na akapewa nafasi ya kuitumia. Anayemkumbuka Thorne wa Macy katika miaka ya mwisho ya ndoa yao, au Thorne aliyempenda Brooke, anamkumbuka Harmon. Ridge alidumu na sura moja, ya Ronn Moss na taya lake, hadi mwaka 2012, kisha Desemba 2013 akaja Thorsten Kaye, na wajukuu wanaomtazama leo hawamjui mwingine. Marekani kuna desturi kwamba siku mwigizaji anapobadilishwa, sauti hutangaza kwamba nafasi ya fulani leo inachezwa na fulani. Tangazo hilo ni la sekunde chache. Katika ukumbi wenye watu kumi na watano, watoto, na mtu anayeomba sukari dirishani, halina nafasi ya kusikika.

Na huo ukumbi wenyewe ni sehemu ya jibu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara hatukuwa na kituo chetu mpaka mwaka 1994, zilipoanza ITV na wenzake. Ninyi wa Tanga mna Pemba mbele yenu na mpaka wa Kenya ubavuni, nasi wa Bagamoyo tuna Unguja, kwa hiyo wenye uwezo wa kununua seti na kusimamisha mlingoti mrefu wa antena walikuwa wakinasa picha za ng'ambo kwa bahati ya upepo, leo safi, kesho chenga tupu. Hapakuwa na mtu aliyeona hadithi nzima. Vituo vya bara vilipoanza, vilinunua tamthilia ambazo kwao zilikuwa zimekwisha kuoneshwa siku nyingi, na vikaanzia pale mzigo walioununua ulipoanzia. Juu ya hayo weka umeme. Mgao wa mwaka 2006 peke yake ulimeza ndoa, talaka na mazishi ambayo hayakuoneshwa tena, na mtu aliyekuwa na jenereta akawa mwanahistoria wa mtaa mzima bila kuomba cheo hicho.

Kisha kulikuwa na mkalimani. Kila ukumbi ulikuwa na binti wa sekondari, au kaka aliyewahi kufanya kazi hotelini, aliyewaeleza wakubwa kinachosemwa. Nampa mtu huyo heshima kubwa, kwa sababu alikuwa anafanya kazi ya mwandishi bila malipo: wahusika wawili walizungumza dakika tatu, yeye akatoa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo iliyobaki kichwani mwa bibi. Kama mkalimani wenu alimpenda Brooke, Brooke wa nyumba yenu ni mwanamke aliyeonewa. Kama alimchukia, Brooke wenu ni mwizi wa waume. Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza huko mwaka 1998, ikaoneshwa kwetu na ITV kwa miaka mingi, na kumalizika Machi 2020, iliwapa wakalimani kazi ngumu zaidi, kwani wahusika walichanganya lugha kadhaa za huko na maandishi ya Kiingereza yakapita chini ya picha kwa kasi. Barker Haines hakuhitaji mkalimani. Robert Whitehead alimwigiza kwa macho, na ubaya wake ulieleweka hata na mtoto. Lakini mambo mazito, kama yale ya Nandipha aliyeishi na virusi vya UKIMWI, yalifika ukumbini kwa kadiri ya haya ya anayefasiri mbele ya wakubwa zake.

Kuhusu Sunset Beach nitasema kwa ufupi, maana hapa hukumu ni rahisi. Ilianza Januari 1997 na kumalizika tarehe 31 Desemba 1999. Katika sehemu ya mwisho Meg, mhusika mkuu, anaamka nyumbani kwao katika jimbo la Kansas na inaonekana kwamba yote tuliyoyatazama kwa miaka mitatu yalikuwa ndoto; kisha anaamka tena, safari hii yuko na mpenzi wake Ben, na kule Kansas ndiko kulikokuwa ndoto. Anayesema kwamba yote yalikuwa ndoto aliondoka mapema kidogo, au umeme ulikatika. Na kama kuna anayesema Ben alikuwa mwovu, anamchanganya na pacha wake Derek, jambo linalosameheka kwa sababu wote wawili waliigizwa na Clive Robertson. Zile za Mexico haziwagombanishi watu sana, kwa kuwa huandikwa zikiwa na mwanzo na mwisho: mtazamaji akivumilia miezi michache anaona harusi na kila mbaya analipwa.

Sasa nije kwa waigizaji wetu. Umeona kwa jicho zuri kwamba wazee wako hawabishani hapo, na sababu yake ni kwamba mpangilio wetu ni kinyume kabisa na ule wa Los Angeles. Kule mhusika hubaki na sura hubadilika. Kwetu sura hubaki na hadithi hubadilika. Mzee Majuto alikuwa Majuto katika kila mchezo, awe baba mkwe, mwenye nyumba, mganga au bwana harusi mzee, na hakuna mtayarishaji ambaye angeweza kumpa mtu mwingine nafasi hiyo. Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akafariki dunia Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 na kurudishwa Tanga kuzikwa. Siku ile hapakuwa na waandishi wa kukaa mezani kupanga namna ya kumrudisha Majuto kwa sura nyingine. Vivyo hivyo kwa Mzee Small, ambaye jina lake ni Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014. Alivyoondoka, kile kimo kilichopewa jina la mzaha, na ile namna ya kubishana na mtu mrefu kuliko yeye bila kurudi nyuma, vyote viliondoka.

Desturi hii imetoka jukwaani, na ni kongwe kuliko televisheni yetu. Katika vichekesho, kwa kawaida hapakuwa na karatasi yenye maneno ya kukariri. Viongozi wa kikundi walieleza kisa, kila mmoja akajua anaingia wapi na anatoka wapi, na maneno akayatoa mwenyewe mbele ya watu. Mwigizaji wa namna hiyo ni mtunzi pia. Jina la jukwaani likawa kama chapa ya utunzi wake, na watu walipolishika jina hilo wakaliacha la nyumbani, hawakuwa wamesahau kitu. Walikuwa wanamtaja msanii kwa jina la kazi aliyoitunga. Kenya walikuwa na desturi hiyo hiyo. Bibi yako bila shaka anamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi na Mama Kayai, na huenda akashangaa kusikia kwamba Ojwang aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo hata tukaamini kwamba ametoka kando ya ziwa, alikuwa Mkikuyu aitwaye Benson Wanjau. Alifariki mwaka 2015. Mama Kayai ni Mary Khavere.

Kundi la Kaole, ambalo jina lake sisi wa huku tunalipenda kwa sababu magofu ya Kaole yako jirani yetu, liliiingiza desturi hiyo ndani ya ITV kwa tamthilia za kila juma. Jahazi, Dira, Tufani na Gharika zilitoka mfululizo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jaribu kuwauliza wazee wako tukio fulani lilikuwa katika ipi kati ya hizo: nina hakika watazichanganya. Sura hawatazichanganya. Watakwambia Ray alifanya hivi, Johari alijibu vile, Richie alisimama pale, na Dr. Cheni aliingia kwa mbwembwe zipi, bila kujali kwamba hao ni Vincent Kigosi, Blandina Chagula, Single Mtambalike na Mahsein Awadh. Steven Kanumba, aliyetoka humo humo, ni wa pekee kwa kuwa jina lake la ukoo ndilo lililokuwa jina la kazi. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliojaa viwanja vya Leaders jijini Dar es Salaam ulikuwa unamlilia mtu, na pamoja naye kila mhusika ambaye angeigizwa na mtu huyo baadaye. Mashabiki wa Taylor hawajawahi kufikishwa hapo. Tylo alipoondoka, nafasi ilipewa Krista Allen mwaka 2021, na baada yake Rebecca Budig, na Taylor anaendelea kuishi.

Limebaki suala la Ridge na baba yake, nalo ndilo pekee ambalo hukumu yake itategemea tarehe. Tangu 1987 hadi 2001 hadithi yenyewe ilimtambua Ridge kuwa mtoto wa kwanza wa Eric na Stephanie, na hakuna mtazamaji wa miaka hiyo aliyekuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Mwaka 2001 ikafichuliwa kwamba baba yake wa damu ni Massimo Marone, tajiri wa meli aliyekuwa na uhusiano na Stephanie tangu ujana wao. Eric alimlea na akaendelea kumwita mwanawe, lakini damu si yake. Kwa hiyo shangazi ameshinda kwa mujibu wa hadithi ilivyo sasa, na bibi ameshinda kwa mujibu wa hadithi ilivyokuwa alipoitazama. Kabla hujamwambia kwamba ameshindwa, muulize kwanza kama anamjua Massimo. Akisema hamjui, basi aliacha kutazama kabla mambo hayo hayajaoneshwa kwenu, na itabidi umsimulie kisa cha Stephanie na Massimo tangu mwanzo, polepole, kwa sababu najua atakachokuuliza mara tu utakapotaja jina la Stephanie: miaka yote hiyo Eric alikuwa anajua au hajui? Mwambie hakuwa anajua.